Sura ya Zélie

Zélie Gouyon alipofariki kwa homa ya matumbo, hakuacha picha hata moja. Kila mwaka mama yake alikuwa akisema watampiga picha mwakani. Msiba ulipotulia kidogo, mama alimwita Bwana Tardivel, aliyechora watu wa Dinan kwa makaa, akamketisha mbele yake Perrine, mdogo wa marehemu.

"Vaa gauni lake la kanisani," alimwambia. "Nywele zibane kama yeye."

Ukosi ulikuwa bado unanukia Zélie. Perrine akatulia kitini.

Mama alisimama nyuma ya mchoraji. "Kidevu sicho. Cha Zélie kilikuwa cha mviringo."

Tardivel alifinyanga kitonge cha mkate laini, akakitumia kufuta kidevu cha Perrine karatasini.

"Na hilo baka la shavuni liondoe. Mwanangu hakuwa nalo."

Akaliondoa.

"Mdomo nao. Huyu kanuna. Mwenzake alikuwa mcheshi."

"Tabasamu basi, binti," mchoraji alimbembeleza.

Perrine alijaribu, machozi yakamponyoka. "Mama, na mimi nimefiwa."

"Usinilowanishie gauni," mama akasema.

Mama alipokwenda kutazama chungu jikoni, Tardivel aliinamisha kichwa. "Karatasi ninazo. Nikuchore na wewe, zawadi tu."

"Ya nini?" mama aliitikia toka huko huko. "Huyo si yupo?"

Picha ikatundikwa juu ya meko. Jirani yao, Bi Mathurine, alipokuja kuwajulia hali, aliikodolea macho, akasema, "Yakhe, Perrine mwenyewe." Mama hakumkaribisha tena. Tangu hapo alihamisha kiti chake, akawa anakula akiitazama picha, mgongo kamgeuzia aliye hai.

Mwaka uliofuata Perrine aliposwa na msokota kamba wa Saint-Malo. Alikubali upesi, hata mwanamume mwenyewe akashangaa.

Siku ya kuondoka, mama alitoka hadi kwenye gari la farasi. Alimfunga bintiye skafu, akamwangalia usoni kitambo kirefu, kidole chake kikagusa lile baka la shavuni.

"Ulikaa kwa subira siku ile," alisema.

Perrine alingoja neno jingine. Mama akaishika shali yake, akarudi ndani alikokuwa mwanawe, juu ya meko. Gari likashuka bondeni, na Perrine alilia hadi walipovuka daraja, mumewe amemshika mkono, asijue aulize nini.