Kiti Kina Mwenyewe

Jumanne asubuhi niligombana na mteja, na kosa lilikuwa langu. Aliingia studio baba mmoja mwenye tai, uso umemnawiri kama mtu aliyepewa likizo jana yake. Anawapeleka watoto na mama yao kwenye bustani ya michezo, ile yenye gurudumu kubwa na vikombe vinavyozunguka, na anataka ushauri wa lenzi. Ushauri wenyewe hakuusubiri. Kidole chake kilikuwa kimeshaganda kwenye kioo cha kabati, kwenye lenzi ndefu kuliko zote.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Nakaa zangu pembeni, navuta wote mmoja mmoja."

"Hiyo haiuzwi."

"Mbona ina bei?"

"Bei imekosewa! Na kama safari yenyewe ni ya kukaa pembeni, baki nyumbani, uwapunguzie wenzako foleni!"

Alitoka bila kuaga. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, ndiye anayekaa kaunta. Alinitazama juu ya miwani mpaka nikaona aibu. "Shemeji," akasema, "ukiendelea na mdomo huo tutauziana lenzi mimi na wewe." Nilikwenda chumba cha nyuma, nikajifanya natafuta betri.

Nimepiga picha za harusi miaka kumi na sita, na lenzi ndefu ndiyo iliyonipa jina. Mtu ukimsogelea na kamera anakaza shingo, anatoa meno yasiyo na furaha. Lakini simama mbali, nyuma ya viti vya wageni, umsubiri asahau kwamba upo, utampata anavyocheka kweli, utampata mama wa bwana harusi anavyofuta chozi kwa kona ya mtandio. Ninayo mwenyewe ya namna hiyo, na nyumbani kwetu ilikuwa inaitwa Bomba. Ninayo nyingine fupi, nene, inayoenea kiganjani. Hiyo jina lake Kibonge. Majina yote mawili aliyatoa mke wangu.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na kutoa majina ilikuwa kazi yake ya pili. Binti yetu alimwita Hakimu, kwa sababu tangu alipojua kusema alikuwa anaamua nani kapewa kipande kikubwa na nani kaonewa. Mdogo wake akaitwa Kishindo. Ukimwona utaelewa. Hapiti mlangoni bila kugonga kitu.

Mwaka juzi daktari alituketisha akatueleza kwamba saratani imeshafika kwenye ini, na kwamba tuhesabu miezi. Mke wangu alimshukuru vizuri, akaupanga mkoba wake, tukatoka. Kwenye ngazi za hospitali ndipo alipoongea.

"Baba Hakimu, nataka twende bustani ya michezo."

"Na hali hiyo?"

"Na hali hii hii. Nataka siku moja niwe mama wa watu, nisiwe mgonjwa. Na wewe uwe mume wangu, usiwe mbeba vidonge. Siku moja tu. Ni nyingi hiyo?"

Nilisema si nyingi. Lakini moyoni nilikuwa nafanya hesabu nyingine kabisa. Kishindo alikuwa na miaka mitatu. Mtoto wa miaka mitatu anakumbuka nini? Nilijiambia: sura ya mama yake huyu itabaki kwa picha tu, na mpiga picha ni mimi. Nisipoipata siku hiyo, nimemdhulumu mwanangu maisha yake yote.

Jumamosi asubuhi nilitandaza vifaa vyangu kitandani. Yeye alikuwa anapanga mkoba wake wa kazini, ule wa kahawia, ambao mkanda wake ulikatika akaushona mwenyewe kwa uzi mwekundu kwa sababu uzi wa kahawia ulikuwa umekwisha. Chupa ya maji, dawa, leso, chaki mbili zilizosahaulika humo tangu shuleni.

"Loo! Dubwana lote hilo la nini?" akasema alipoona Bomba. "Tunakwenda kucheza au kuwinda?"

"Kule watu ni wengi. Bomba linavuta."

"Chukua Kibonge."

"Kibonge hakivuti. Itabidi niwe nimesimama puani mwako."

"Si ndiyo ninavyotaka?" Alicheka, lakini alikuwa ameacha kupanga mkoba. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, Baba Hakimu. Njoo na Kibonge, tukae pamoja, picha zikitoka mbaya zitoke mbaya."

"Kwangu hazitoki mbaya," nikamwambia. Ndivyo nilivyomjibu, jamani, kwa maneno hayo hayo. Nikapachika Bomba kwenye kamera na Kibonge nikakirudisha sandukuni. Akasema Bomba ni zito, nitaumia shingo. Nikamjibu ng'ombe haelemewi na nunduye. Alifunga zipu ya mkoba akawaita watoto wavae viatu.

Na sitasema uongo, haikuwa kazi tu. Nilikuwa naogopa. Mtu akiwa nyuma ya kamera halii, ana shughuli. Ningekaa bega kwa bega naye kutwa nzima ningebomoka mbele ya watoto. Nikajitafutia hatua thelathini za kunikinga.

Tulianza na treni ya watoto. Hakimu na Kishindo walikaa mbele, mama yao nyuma yao, na kiti cha pembeni yake akaweka mkoba. Mwenye mashine alipita na filimbi yake, akauliza, "Hapa pana mtu?"

"Kiti kina mwenyewe," akamjibu. "Anakuja."

Akanigeukia mimi niliyekuwa nje ya uzio. "Baba Hakimu, njoo!" Nikainua kidole kimoja: moja tu, mwanga ni mzuri. Na kweli mwanga ulikuwa mzuri. Filimbi ikalia, treni ikaondoka.

Kwenye vikombe akaniita. Nikainua kidole. Kwenye farasi wa mbao, kwenye kile kibanda cha watu wawili kinachovutwa na farasi, akaniita, na Hakimu naye akaita, "Baba, unachelewesha watu!" Nikainua kidole. Kwenye boti aligonga gonga kiti kwa kiganja, vile unavyomwita mtoto mwenye haya. Nikampata hapo hapo, mkono uko hewani, kicheko kimeanza mdomoni na hakijafika machoni. Nikajisemea, hii ndiyo.

Michezo sita. Wa saba ulikuwa gurudumu kubwa. Kufikia hapo alikuwa amechoka, midomo imemkauka, lakini alitaka kupanda ili watoto waione dunia kutoka juu. Mimi nilizunguka ng'ambo ya bwawa ili gurudumu lote linienee. Kutoka kule hata angeniita nisingemsikia.

Kwenye gari la kurudi watoto walikuwa wamelala. Aliniuliza, "Umepata ulichokuwa unataka?"

"Nimepata. Picha mia nne."

"Haya," akasema. "Hongera."

Aliishi wiki kumi na moja baada ya hapo.

Tulipomaliza matanga nilichagua ile ya kwenye boti nikaitoa kubwa kwa ajili ya sebuleni. Kazini kwangu picha haitoki bila kusafishwa. Nafuta chunusi ya bibi harusi, nafuta waya wa umeme, nafuta chupa ya soda iliyoachwa juu ya meza kuu. Ndiyo desturi yangu, mkono unakwenda wenyewe. Na kwenye picha ile kulikuwa na mkoba wa kahawia pembeni yake, na uzi wake mwekundu unavuta jicho kutoka usoni kwake. Nikaufuta. Ilinichukua dakika ishirini, nikakijazia kiti rangi yake ya buluu, safi kabisa, usingejua kulikuwa na kitu. Nikaitundika. Kila aliyekuja alisema, "Aisee, kama anataka kuongea," nami nikapokea sifa. Nilipokea sifa mwaka mzima!

Jumatatu iliyopita, siku moja kabla ya yule mwenye tai, Hakimu alikuwa anafanya hesabu zake za shule sebuleni. Ana miaka kumi sasa. Aliinua kichwa akaitazama picha kwa muda, penseli mdomoni.

"Baba, mkoba wa mama uko wapi?"

"Kabatini, si unaujua?"

"Hapo kwenye picha. Ulikuwepo hapo kwenye kiti. Mimi nilikuwa mbele, niliuona."

"Niliutoa, mama. Ulikuwa unaharibu picha."

Hakimu aliniangalia vile anavyomwangalia mdogo wake akikamatwa na sukari. "Ulikuwa hauharibu. Alikuwa anakuwekea nafasi."

Niliinuka nikaenda kwenye kompyuta, nikafungua picha zote kama zilivyotoka kwenye kamera. Hakimu akaja akasimama nyuma yangu. Treni: mkoba uko kitini. Vikombe: mkoba uko kitini, umesimamishwa wima ili uonekane. Kibanda cha farasi, boti, na miwili mingine, kote mkoba umekaa kama mtu, na yeye mkono mmoja kaushika mkanda usidondoke. Mimi nilikuwa napima mwanga.

Nikafika kwenye gurudumu. Nikavuta picha karibu. Watoto wanashangilia. Mama yao ameupakata mkoba mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili, na pembeni yake amekaa mwanamke nisiyemjua, anakula bisi. Siku ile yote aliwaambia watu kiti kina mwenyewe, na hapo akaacha kuwaambia. Niliweka kichwa juu ya meza nikalia kwa sauti, mbele ya mtoto, kilio kile kile nilichokuwa nakikimbia kule bustanini.

Hakimu aliniacha nilie. Halafu akanigusa bega.

"Baba, wewe si unaweza kuweka mtu kwenye picha? Ulimweka yule mjomba aliyechelewa harusi. Jiweke basi."

Naweza. Ni kazi ya nusu saa, na hakuna ambaye angegundua. Kichwa ningekiinamisha kidogo upande wake, mwanga ningeulinganisha, hata kivuli cha bega langu kingemwangukia mahali panapotakiwa. Nilikaa na kazi hiyo mkononi kwa muda mrefu.

Sikujiweka. Niliurudisha mkoba tu, na uzi wake mwekundu, na asubuhi mapema, kabla ya kufungua studio, nikachapa picha upya nikaja nayo nyumbani kuitundika. Kishindo alitoka chumbani akagonga kiti, akagonga meza, akaja akasimama mbele yake. Mama yake hamkumbuki kwa lolote isipokuwa ukuta ule. Akauwekea mkoba kidole.

"Huu wa nani?"

"Wa mama," Hakimu akamjibu. "Hapo anamwekea baba nafasi."

Kishindo alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Akatafuta kwenye boti, akatafuta kwenye maji, akatafuta kwa watu waliosimama nyuma.

"Sasa baba yuko wapi?"

Hakimu aligeuka akaniangalia mimi.