Njia ya Magharibi

Mara ya tatu Ireri, mtembeza wageni wao, alipowageuza kwenye njia panda, Mwalimu Makandi aliacha kumwamini.

Asubuhi Ireri alisema njia ya magharibi ina nyuki wakali. Baadaye akasema mamba huota jua huko. Sasa, wakishuka kutoka kileleni, eti ni mahali patakatifu.

Makandi alikuwa amewaleta walimu wenzake kutoka Mikinduri wapande kilima hicho na kuona maisha ya watu wa kisiwani. Kilikuwa kilima cha Wambeere kama vingine, mpaka bwawa lilipojaa na maji yakakizunguka, kikawa kisiwa. Tangazo la Ireri lilisema familia kumi na moja bado zinaishi humo. Kweli walichezewa ngoma, wakaonyeshwa mizinga, wakapikiwa ndengu. Lakini Makandi, aliyekagua mabweni miaka ishirini, alikuwa na macho. Mekoni hamkuwa na majivu. Kuku hawakuwapo. Watoto waliocheza ngoma walimuuliza Ireri choo kiko wapi.

Wenzake walipojilaza kivulini, akaishika njia ya magharibi peke yake.

Hakukuta nyuki wala mamba. Alikuta nyumba moja inayofuka moshi, na bibi kizee akipepeta mawele.

“Umepotea ama umetumwa?” bibi akauliza.

“Nimekuja tu, cucu.”

“Kaa basi. Hiyo simu iweke mfukoni. Mimi si wa kupigwa picha.”

Jina lake lilikuwa Ciakuthii, naye alikuwa mama yake Ireri. Wenyeji wengine wa kisiwa, alisema, walihamia ng'ambo zamani, karibu na shule na zahanati. Wageni wakija, wenyeji hao huletwa kwa mashua asubuhi na kurudishwa jioni.

“Ireri alitaka nami nivae ngozi nicheze. Nikamwambia, ngozi niliivaa utotoni kwa sababu nguo hatukuwa nayo. Sasa ninayo.”

“Kwa hiyo ametudanganya.”

“Amewadanganya,” Ciakuthii akakubali, wala hakumtetea mwanawe. Akamsukumia ungo. “Pepeta.”

Makandi alipepeta vibaya, makapi yakamrudia nyweleni. Bibi alimshika viganja akamwonyesha namna ya kuurusha ungo, akamshika tena, na tena. Makandi alipoinua macho, Ireri alikuwa amesimama uani. Haikujulikana amekuwapo kwa muda gani.

“Mwalimu, mashua inangoja.”

Walipoliona bwawa, Ireri akamgeukia. “Utawaambia?”

“Kwa nini ulimficha mama yako?”

“Yeye ndiye aliyenikataza kumleta mtu kwake.” Akatazama njia waliyotoka. “Na mgeni akimwona yeye, atauliza wengine wako wapi.”

Makandi hakujua amwamini safari hii au la.

Mashuani, mwenzake Ntinyari alimtoa makapi nyweleni. “Ulikuwa wapi wewe?”

Ireri, mkono ukiwa kwenye injini, hakuiwasha.

“Kwa mama yake Ireri,” Makandi akasema. “Anaishi huku peke yake.”

“Peke yake? Na hizo familia kumi na moja?”

Makandi alimgeukia Ireri, na wenzake wote wakamgeukia. Wacheza ngoma waliokaa nyuma, wakiwa wameshavaa nguo zao za kawaida, waliangalia maji.

“Wako ng'ambo,” Ireri akasema hatimaye. “Tukifika, nitawapeleka mkaone wanakoishi.” Kisha akavuta kamba ya injini.