Wimbo wa Saba

Kokubanza alikuwa amerekodi upya nyimbo kumi za zamani za Kihaya, na albamu ilipotoka aliipeleka Buganguzi kwa shangazi yake, Edvina. Shangazi alisikiliza kwa raha mpaka ulipofika wimbo wa saba.

"Zima! Huu umeutoa wapi?"

"Kwa baba, shangazi. Aliniimbia kwenye simu mwezi uliopita."

"Huu mtu huuimba mara moja tu, anapoiaga nyumba yake."

Kokubanza alimpigia baba yake kule Kahororo. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipopiga tena, jirani ndiye aliyepokea, akamuuliza taratibu, "Koku mwanangu, hapo uko na nani?"

Shangazi hakungoja kuelezwa. Alivuta khanga yake, akajifunga kiunoni, akaanza kumlilia kaka yake.