Godoro la Shangazi Damari

Orodha ile niliiandika mimi, kwa mikono yangu hii. Nikiulizwa jambo la kijinga kuliko yote niliyowahi kufanya, sitahangaika kutafuta jibu.

Mdogo wangu Febronia alikuwa anaolewa, na mimi sikutaka yampate yaliyonipata. Mimi nililetewa hotpoti kumi na moja na pasi sita, nikakosa hata ndoo. Kwa hiyo nikafungua kundi la WhatsApp, nikaorodhesha vitu vyote: friji, jiko la gesi, godoro, sufuria, mapazia. Kila mtu achague kimoja aandike jina lake mbele yake. Nilijiona mjanja kweli. Godoro likachukuliwa na Rukaiya, ninayefanya naye kazi ofisini hapa Nduguti, nami nikamrushia mioyo mitatu myekundu.

Shangazi Damari, dada pekee wa baba yetu, hakuwemo kundini. Anatumia kitochi. Wiki ile ile akanipigia kutoka Misigiri.

"Aneth, lile godoro nilitangulize, au nije nalo Jumamosi yenyewe?"

Sasa, kwetu godoro la kwanza la binti hutoka kwa shangazi yake. Na huyo huyo ndiye humshika mkono siku ya kuagwa, akamtoa chumbani, nyumbani kwa baba yake, hadi mbele ya wakwe. La kwangu nimelilalia miaka tisa, siwezi kusema sikujua. Lakini mpambaji alikuwa ananingoja kwenye simu nyingine, na ulimi ukanitangulia.

"Shangazi, godoro limeshachukuliwa. Vimebaki fagio na dekio."

"Limechukuliwa na nani?"

"Na rafiki yangu wa ofisini."

"Haya, mwanangu," akasema, akakata.

Haya ile ningeisikia vizuri, ningeacha kila kitu nikamfuata siku hiyo hiyo. Sikuisikia. Nikarudi kwa mpambaji tukabishana rangi za vitambaa.

Jumamosi saa nne asubuhi Shangazi hajafika, na kitochi hakipatikani. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni mwa chumba cha Febronia, suti yake mwilini.

"Bila dada yangu, mtoto hatoki," akasema.

"Baba, wakwe wanaingia saa tisa!"

"Wataingia. Watakula. Watarudi walikotoka."

Ndani nikamsikia Febronia akilia, na anayempamba akimwomba asiharibu macho. Nikatoka mbio nikapanda bodaboda, na njia nzima nililia kama mtoto. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo hata leo nayaonea aibu.

Nilimkuta Shangazi uani anapeta alizeti. Nyuma yake, mlango ukiwa wazi, nililiona godoro limeegemezwa ukutani, jipya, bado limo kwenye nailoni yake. Nikapiga magoti pale pale kwenye makapi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Shangazi, nisamehe. Rukaiya nitamwambia alete kitu kingine, sasa hivi nampigia."

"Usimnyang'anye mwenzako. Yeye alichagua, akapewa." Akaupuliza ungo. "Mimi sikuchagua, kwa sababu sikujua kama huwa kunachaguliwa."

Nilimwomba kwa Kiswahili, nikamwomba kwa Kinyiramba. Nilimshika miguu. Mwishowe akauweka ungo chini, akasema, "Sijasema siji." Akaenda kuoga, akavaa gauni lake la kanisani. Moyo wangu ukarudi mahali pake. Godoro hakuligusa, nami sikuthubutu kuuliza.

Tulifika wakwe wakiwa wameshaketi. Langoni akina mama wa kamati walikuwa wanakagua kadi, na Shangazi akajipanga kwenye foleni. Dada wa baba mwenye nyumba! Nikamvuta mkono apite, akautoa mkono wake taratibu. Zamu yake ilipofika akasema, "Mimi kadi sina. Mkiniruhusu nitakaa nyuma." Wakamruhusu, na kweli akaenda kukaa nyuma kabisa.

Mlango ukafunguliwa. Febronia akasimama kizingitini na shela lake, mkono ameunyoosha, hakuna wa kuupokea. Muziki ukazimwa. Baba akaita, "Dada! Damari!"

Shangazi hakuinuka.

"Muulizeni Aneth," akasema, "kazi hiyo ameiandikia jina la nani."

Watu mia mbili walinigeukia. Rukaiya aliinamisha kichwa, maskini, ambaye hakuwa na kosa lolote. Febronia mkono bado ameunyoosha. Nikaenda hadi nyuma, nikapiga magoti kwa mara ya pili siku ile.

"Ni yako, Shangazi. Haikuwahi kuwa ya mtu mwingine. Nimekosa mimi, Febronia hana kosa. Nakuomba."

Shangazi akainuka, akapita katikati ya viti, akaushika mkono wa mdogo wangu. Vigelegele vikalipuka, baba akafuta macho. Nami nikalia kwa furaha, nikakimbia kusimama njiani mwao nimkumbatie.

Shangazi akasimama mbele yangu. Akanigusa bega kwa heshima zote, kama unavyomgusa mtu usiyemjua stendi.

"Samahani, dada," akasema. "Naomba utupishe."