Matcha Nyumbani kwa Mwenye Ng'ombe

Mimi Edinah nimechuma majani chai hapa Gesima miaka ishirini na sita. Kwa hiyo binti yangu Marion alipoingia na kikopo cha unga wa kijani na kuniambia ni majani chai ya Japani, nilikasirika waziwazi. Shamba limefika mpaka mlangoni, halafu mtu anavuka bahari kuyafuata.

"Ni matcha, mum. Inasaidia ngozi," akasema. "Na maziwa nimeacha. Inaniletea chunusi."

Uso wake ulikuwa umetakata kweli, siwezi kumnyima hilo. Jumatatu alikuwa anaanza kazi kwa Janki, mwenye duka la vipodozi mjini Kisii, na Janki alishamwambia kwamba mteja hanunui krimu kwa muuzaji mwenye chunusi. Basi kila asubuhi Marion alinawa, akajipaka mafuta yake, akakoroga ule unga kwa maji ya moto na kuunywa barazani, bila tone la maziwa.

Balaa lilianzia hapo. Kwetu turungi, chai isiyo na maziwa, ni kinywaji cha nyumba ambayo ng'ombe wake amekauka. Ijumaa Kemuma, jirani yangu, alipita akamwona mtoto wangu akinywa maji ya majani. Hakuuliza. Kemuma hana desturi ya kuuliza.

Jumamosi, sisi Wasabato tulipotoka kanisani tu, akina mama wanne wakaingia kwangu, kila mmoja na jagi la maziwa.

"Pole, Mama Marion," Kemuma akasema. "Si ungetuambia ng'ombe amekauka? Mpaka mtoto anakunywa mboga?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi ndiye huwapelekea wengine maziwa. Nikaanza kueleza habari za Japani na ngozi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunihurumia.

Marion akatoka jikoni na sufuria ya chai, maziwa ya ng'ombe wetu matupu. Akawamiminia wageni, kisha akajijazia kikombe kikubwa, akakimaliza mbele ya macho yao na kuongeza cha pili.

"Maziwa ya kwetu iko mingi," akasema. "Ongezeni."

Wakaongeza. Walipoondoka, kila mmoja alirudi kwake na jagi lake likiwa bado limejaa.

Jumapili asubuhi chunusi ilikuwa imekaa katikati ya paji la uso wake, nyekundu, kubwa kama punje ya mahindi. Alijitazama kwenye kioo. Moyo uliniuma, na papo hapo nikaona fahari kumzaa mtoto yule.

Nikachemsha maji, nikakoroga matcha vikombe viwili. Nikatoa benchi nje, nikaliweka kando ya njia kabisa, nikamwita tukae. Kitu chenyewe kilikuwa kichungu kama dawa ya minyoo, lakini nilikinywa. Kemuma alipopita na kusimama kututazama, nikamwambia ng'ombe wangu ni mzima, na nyumba hii siku hizi tunakunywa hivi.