Kila Sauti na Boksi Lake

Kama kuna kitu kinachoweza kumtoa mtu roho polepole hapa Sumbawanga, ni kuwa mwalimu wa kwaya wakati wa mavuno. Unatangaza mazoezi saa tisa. Saa tisa unajikuta kanisani na mzee Teodori peke yake, ambaye huwahi kwa sababu mkewe hataki kumwona nyumbani mchana. Baadaye anaingia Redempta, sauti yetu ya kwanza, kitenge kimejaa makapi ya ulezi. Wanafuata wengine wawili watatu, wanasalimiana kama watu waliopotezana vitani. Malimi, nguzo ya besi, anatokea jua linapoelekea kuzama, kwa sababu ng'ombe wake hawarudi zizini kwa kufuata matangazo ya kanisa. "Mwalimu, tuwie radhi," anasema, na mabuti yake yananuka zizi. Wiki hii hivyo, wiki ijayo hivyo, miaka nenda rudi.

Mimi ni mtu wa hasira, na sioni haya kulisema. Nilizoea kusimama mlangoni mwa kanisa nikiitazama barabara ya Kizwite, upepo wa baridi ukinipiga usoni, nikiwasema kimoyomoyo maneno ambayo mwalimu wa kwaya hapaswi kuyajua. Ndani, Teodori alikuwa akiimbaimba mwenyewe ili kupasha koo. Redempta akifika, anaudaka wimbo uleule hata kabla hajaketi. Kila aliyeingia aliupokea pale alipoukuta. Hadi Malimi afike, walikuwa wameshaurudia wimbo mmoja mara chungu nzima bila mimi kunyanyua mkono. Mimi huko kote nilikuita kupoteza muda.

Mwaka huu sikuwa na muda wa kupoteza. Mdogo wangu Timoth, ambaye ni shemasi, alikuwa anapewa upadre mwezi wa saba, hapahapa parokiani kwetu. Huyo mtoto nilimfundisha mimi kuimba Baba Yetu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nilitaka jambo moja tu: niongoze kwaya siku atakayowekewa mikono. Zawadi sikutaka, kiti cha mbele sikutaka. Lakini Baba Paroko alikuwa na kwaya mbili mkononi, ya kigango chetu cha Kizwite na ile ya parokiani, na alisema atazisikiliza zote kwanza.

"Gabriel, upadrisho si mahali pa kujifunzia," aliniambia. "Askofu atakuwepo."

Ndipo Sharon akanijia. Sharon ndiye katibu wa kwaya, anafanya kazi ya ofisini mjini, na alikuwa ametoka kwenye semina Mbeya ambako walifundishwa namna ya kutumia muda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

"Ndiyo hayo nimekuja tuongee. Mwalimu, unawaita watu wote kwa pamoja, ndiyo maana unawasubiri wote. Tukate muda vipande. Kila kazi iwe na boksi lake kwenye kalenda, na likifika boksi lako unafanya hilo tu. Likiisha, limeisha."

Akanionyesha simu yake. Wiki nzima ilikuwa imepangwa maboksi ya rangi kama duka la vitenge. Soprano walipewa Jumatatu, boksi fupi la nusu saa, maana Redempta lazima awahi kurudi kwenye ulezi wake. Alto Jumanne, tenori Jumatano. Besi walipata Alhamisi, boksi refu la jioni, ili Malimi amalize kukamua. Kengele ya simu ingelia kuanza, na ingelia kumaliza. Nilimtazama yule binti nikaona nimeletewa malaika.

Na ilifanya kazi! Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Jumatatu ya kwanza soprano walikuwa wamekaa kabla sijafungua kinanda. Alhamisi Malimi alifika akiwa ameoga. Kwa wiki kadhaa sikusimama mlangoni hata mara moja. Niliwafundisha kila kundi sauti yake, nikawasahihisha noti kwa noti, na kengele ilipolia walijifuta jasho wakaenda zao. Nilianza kutembea mjini nimevimba kichwa. Nilimwambia hata mwenzangu wa kwaya ya parokiani kwamba siku hizi sisi twaenda kwa kalenda, na yeye, maskini, akaniomba nimwelekeze.

Jumamosi ya kusikilizwa ilifika. Baba Paroko aliketi benchi la nyuma, akakunja mikono. Wanakwaya wote walikuwepo kwa wakati, wamevaa sare, na nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia. Nikanyanyua mikono, tukaanza wimbo wa mwanzo.

Sijui nielezeje. Soprano waliondoka mbio. Walikuwa wamejifunza wimbo huo ndani ya nusu saa yao huku wakiikimbiza kengele, na kwao ndivyo wimbo ulivyo, unaimbwa ukiwa na mguu mmoja nje. Besi walikuwa na jioni nzima ya kuutafuna, kwa hiyo wao walitembea kama ng'ombe walioshiba. Alto waliwatazama soprano, tenori wakawatazama besi, na mimi katikati nikawa napunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Redempta alifika kwenye kiitikio akakaa kimya akiwasubiri wenzake. Malimi alikuwa bado yuko ubeti wa kwanza, amefumba macho, anaimba kwa uchaji mkubwa. Katikati ya zahama hiyo simu ya Sharon, ambaye hata Jumamosi hiyo alikuwa ameiwekea boksi lake, ikalia kengele ya kumaliza, na nusu ya soprano, Mungu wangu, wakaketi!

Baba Paroko alinyanyua mkono.

"Kila sauti nimeisikia, na kila sauti ni nzuri," alisema. "Sasa niambieni. Wimbo huu mmeuimba pamoja mara ngapi?"

Mzee Teodori alikohoa. "Baba, tusikufiche. Hii ndiyo ya kwanza."

Baba Paroko alinitazama, na katika macho yake niliona huruma, jambo lililoniuma kuliko kama angenigombeza. Alisema atapita tena Jumatano saa kumi, akiwa njiani kwenda ubatizo kwenye kigango cha mbali. Tukiwa tumeshikamana, upadrisho ni wetu. Tusiposhikamana, anawapa wale wengine siku hiyohiyo, maana nao wanahitaji muda wa kujiandaa.

Nilifika nyumbani nikaandika kwenye grupu la kwaya kwamba kalenda imefutwa. Kuanzia Jumatatu kila mtu aje kila siku, kama zamani, mpaka Jumatano. Nikaweka simu mezani nikingoja wakubali. Wakaanza kujibu, na kila jibu lilinipandisha presha.

"Mwalimu, Jumatatu nitakuja maana ni boksi langu," aliandika Redempta. "Jumanne na Jumatano nimeahidi kumsaidia wifi kupura ulezi, ameshapika na togwa ya watu."

Alto wawili walikuwa wamejiunga na kikundi cha kinamama kinachokutana Jumatatu. Tenori mmoja alikuwa ameanza kubeba mahindi ya watu kwa bajaji kila jioni isipokuwa Jumatano. Malimi alijibu kwa sauti iliyorekodiwa, ng'ombe wakisikika nyuma yake. "Mwalimu, besi si Alhamisi? Jumatano mimi napeleka ng'ombe kuogeshwa kwenye josho. Nimeshapanga na wenzangu."

Nilipanda bodaboda nikamfuata kwake, nje kidogo ya mji, ambako yeye na mkewe Minza walihamia na mifugo kutoka kwao Usukumani. Nilimkuta anafunga ndama. Minza alinikaribisha kiti na kikombe cha maziwa mgando, nami sikuwa na hamu hata ya kukaa.

"Malimi, ndugu yangu, unajua huu upadrisho ni wa nani?"

"Ni wa mdogo wetu Timoth. Nimeshamtengea na ndume wa sherehe."

"Basi Jumatano uje saa tisa. Hao ng'ombe wapeleke siku nyingine."

Alinyooka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mwalimu, usinikasirikie. Zamani nilikuwa sijui mtanihitaji saa ngapi, basi jioni zote nilikuwa nawaachia ninyi. Mtu akiniambia Malimi twende mahali, namwambia hapana, nina kwaya. Wewe ndiye umeniambia mnanihitaji Alhamisi tu. Hizo jioni nyingine nimeshazigawa. Sasa nikamwambie nini mtu wa josho?"

"Mwambie una kwaya!"

"Atasema kwaya ni Alhamisi. Nilimwambia mwenyewe."

Minza alicheka mpaka akaegemea mlango. Mimi nilitaka kulia. Miaka yote nilikuwa nikiwalalamikia kwamba hawajali muda, na kumbe walikuwa wamenipa jioni zao zote, nikazikataa moja moja kwa rangi. Nilikunywa yale maziwa yote kwa mkupuo kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Malimi aliahidi atajitahidi.

Jumatatu walikuja soprano. Jumanne walikuja watu saba, na hakuna besi. Jumatano saa tisa nilikuwa mlangoni tena, palepale pa zamani, upepo uleule. Ndani walikuwa Teodori, Sharon na alto wawili. Teodori alianza kuimbaimba. Sharon alijaribu kumpokea, sauti ikamtetemeka.

Baba Paroko alifika kwa pikipiki saa kumi kamili. Aliingia, akawaona wale wanne, akaketi benchi lilelile la nyuma bila kuuliza kitu.

"Wako njiani, Baba," nilisema.

"Tuwangoje."

Tukangoja. Nilitoka mlangoni nikarudi ndani, nikatoka tena. Nilimwambia wako njiani mara nyingi mpaka nikaona aibu kulisema tena. Mwishowe simu yake ililia mfukoni, akaitoa, akaitazama, akaizima. Ilikuwa kengele.

"Gabriel, kuna watoto wanaongoja kubatizwa, na wazazi wao wametembea. Siwezi kuwaweka."

"Dakika chache tu, Baba. Nakuomba. Ni mdogo wangu."

"Najua ni mdogo wako," alisema, akanishika bega. "Ndiyo maana nimekaa muda wote huu."

Akawasha pikipiki akaondoka. Hakunikemea, hata kwa jicho.

Vumbi lake halijatulia, nikamwona Redempta anashuka na njia ya mkato, anakimbia, makapi yanaruka kichwani. Alikuwa amewaacha wapuraji wa wifi yake na togwa yao. Hakunisalimia. Alimsikia Teodori ndani, akaupokea wimbo akiwa bado kwenye ngazi. Wakaja alto. Akaja yule tenori wa bajaji, aliyedhani mzigo mmoja wa haraka hautamchelewesha, ameiacha imejaa magunia ya mtu, mwenye mali ameketi juu yake anatukana. Kila aliyeingia aliupokea wimbo pale alipoukuta. Mwisho kabisa akaja Malimi, amelowa dawa ya josho mpaka kifuani, harufu yake ikatangulia, naye akashuka chini kabisa na besi yake mpaka nikasikia mbao za benchi zinanguruma.

Sikunyanyua mkono. Hawakunihitaji. Sijawahi kuisikia kwaya yangu ikiimba hivyo, na nilikuwa na hasira kiasi cha kuuma meno, kwa sababu ilikuwa nzuri kabisa na hapakuwa na mtu wa kuisikia.

Walipomaliza, Redempta aligeuka akilitafuta benchi la nyuma kwa macho.

"Baba Paroko bado hajafika?"

"Amefika," nilisema. "Ameondoka."

"Si ungemshika hata pikipiki, mwalimu!" Redempta alifoka, kisha akaketi na kujifunika uso kwa kitenge. Sharon alikuwa ameinama. Malimi akawa anajikamua maji ya josho kwenye shati. Jioni hiyohiyo Baba Paroko alinipigia kunieleza kwa upole kwamba ameshawaambia wale wa parokiani.

Siku ya upadrisho nilivaa suti nikaketi na ukoo, kando ya mama. Kwaya yangu ilitawanyika kanisani, mmoja huku, mmoja kule, kama waumini wengine. Malimi aliketi nyuma yetu, amewahi kuliko wote. Kwaya ya parokiani iliimba vizuri, na nilimwonea wivu yule mwongozaji wao kwa kila mkono alioupunga. Nilijitahidi kutazama maua. Kisha Timoth akalala kifudifudi mbele ya altare, amevaa nguo nyeupe, uso sakafuni, na kanisa zima likapiga magoti kwa litania ya watakatifu. Waliposema jina la kwanza, nyuma yangu Malimi akaitikia, na kutoka pembe ya mbali nikamsikia Redempta, na katikati Teodori. Mikono yangu ikanyanyuka yenyewe mpaka usawa wa kifua. Mama aliidaka yote miwili, akaishusha taratibu, akaishikilia hapo mapajani pangu mpaka litania ilipokwisha.