Moshi Kwenye Kompyuta ya Mjomba

Hakuna mashine iliyowahi kufia mikononi mwangu. Redio, pasi, feni, hata simu iliyotumbukia chooni, zote zilinipitia zikapona. Ndiyo maana mjomba alipotuletea kompyuta yake ya kizamani, ile ambayo kibodi ndiyo mwili mzima na kioo chake ni televisheni, nilivuta kiti kama daktari bingwa.

"Wewe kaa mbali," akasema kaka yangu, Mapengo.

Mjomba ni mchinjaji, na nyumba yake imepakana na yetu. Kompyuta hiyo aliinunua ujanani kwa mshahara wake wa kwanza, na anaipenda kuliko sisi wapwa zake tukipimwa pamoja na mifupa. Alituachia onyo: "Atakayeiua, namvunja mkono. Sitanii."

Mapengo aliifungua, akaiwasha, akawa anagusa chipu moja moja kwa ncha ya kidole. Inayounguza ndiyo mbovu. Ghafla akaruka, akapuliza kidole.

"Nimekupata, mshenzi!" Akaizima. "Natoka kutafuta nyingine kama hii. Usichomeke kitu, umesikia? Adapta yake, hasi iko katikati. Za siku hizi ni kinyume, zitaiunguza."

"Sawa, profesa."

Alipotoka tu, nikaona waya wa adapta ya mjomba umechubuka. Nikajiambia, ugonjwa si chipu, ugonjwa ni huu hapa. Nikachukua adapta ya redio yangu. Iliingia kwenye tundu vizuri mno, utadhani walizaliwa pamoja.

Pof! Moshi, na harufu ya samaki aliyelala juani. Nikachomoa mbio, nikarudisha ya mjomba, nikaketi kitini, nikaanza kupepea kwa daftari.

Mjomba akaingia, pua mbele. "Nani?"

"Mapengo, mjomba. Ndiye aliyekuwa anaishika."

Mapengo alirudi na chipu mkononi, uso umejaa tabasamu. Hakupewa hata nafasi ya kusalimia. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, ikampunguzia meno ambayo tayari yalikuwa ya kuhesabu. Mapengo akamrudishia mjomba kichwa cha tumboni. Wakaanguka na televisheni. Kioo kikapasuka, damu ikarukia ukutani na nyingine kwenye shati langu jeupe. Mapengo alishika mguu wa kiti kingine kilichovunjika, akampiga nao mjomba begani. Ng'ombe wazima wameanguka kwa pigo dogo kuliko hilo. Mjomba akaguna tu. Akamkaba shingo, akambamiza juu ya meza, akaubana mkono wake wa kulia hapo katikati ya bisibisi zilizotapakaa, akachukua nyundo.

"Mkono huu hautashika mashine ya mtu tena."

"Mjomba, sikuigusa! Mdogo wangu, mwambie!" Damu ilikuwa inambubujika. "Mwambie basi!"

Mimi nilikuwa naangalia feni ya dari. Ilikuwa na vumbi sana.

Nyundo ikapanda.

"Mume wangu, mkono siyo huo."

Mke wa mjomba alikuwa nje ya dirisha, beseni la nguo mbichi kiunoni, kibanio mdomoni. Akakitoa.

"Nilikuwa hapa naanika. Huyo alikuwa ameshatoka. Aliyechomeka ni huyo mchekeshaji wako. Moshi ulipotoka, akabadilisha waya."

"Mke wa mjomba," nikacheka kidogo, "hilo jua limekupiga."

"Adapta yenyewe ameikalia."

Mjomba aliuachia mkono wa Mapengo. Nyundo hakuiachia. Nikainuka nitoke, nikamkuta Mapengo ameshafika mlangoni, anafuta damu, anateremsha komeo.